Kibarua cha Siku na Kazi ya Mwezi: Miji Yetu na Waliokosa Ajira, 1939–1964

Haya ni maneno niliyoyasema mjini Mombasa mbele ya wafanyakazi wa bandari, wastaafu na vijana. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyanyoosha kidogo na kupunguza marudio, lakini hoja ni ileile.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa gatini na wa reli, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma: shikamooni kwa wanaostahili kuamkiwa, na wengine nawasalimu kwa upendo.

Nimeombwa nizungumze juu ya watu waliokosa kazi katika miji yetu katikati ya karne ya ishirini. Nitatoa msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa jibu. Serikali ya mkoloni iliwaita watu hao wazururaji. Serikali zetu za mwanzo za uhuru ziliendelea na jina hilohilo, na kule Dar es Salaam waliitwa wahuni. Mimi nimesoma taarifa za kamati na tume za miaka ile, nimekaa na wazee waliokuwapo, na naamini kwamba tabia ya watu haikuwa kiini cha jambo hili. Kazi zenyewe zilipangwa kwa namna iliyohitaji watu wengi wakae bila kazi. Zilipokuja kupangwa upya ili ziwe bora, mlango ukawa mwembamba, na waliobaki nje wakalaumiwa kwa kubaki nje. Tena kila kazi ilikuwa na njia yake ya kuwaacha watu nje. Bandari haikufanana na reli, wala mkonge haukufanana na ujenzi. Kwa hiyo nitapita kazi moja hadi nyingine, na hapa kwetu Kilindini, bandari ya Mombasa, nitakaa zaidi.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya gatini ilifuata meli. Meli ikifunga gati asubuhi, kampuni za upakuaji zilihitaji mamia ya makuli saa ileile: wa kushuka ngamani (tumboni mwa meli), wa kushika winchi, wa kubeba magunia mpaka maghalani. Meli ikiondoka na nyingine haijaingia, hakuna aliyehitajika. Kwa hiyo kampuni hazikuwaajiri watu hao, ziliwaita tu. Alfajiri watu walijipanga langoni, serangi, msimamizi wa makuli, akawatazama, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe kule. Waliochaguliwa walilipwa ujira wa siku. Waliosalia walirudi mtaani Majengo, au walikaa kivulini kungojea zamu ya usiku.

Hebu mfikirie mtu huyo kwa wiki nzima. Jumatatu ana kazi. Jumanne na Jumatano hana. Alhamisi meli mbili zimeingia, anayo tena. Ofisa akimhesabu Jumatano, atamwandika miongoni mwa wasio na kazi. Akija Alhamisi, atalalamika kwamba Mombasa ina upungufu wa watu. Barua za maofisa wa miaka ile zimejaa malalamiko yote mawili: mji umejaa wazururaji, na kazi hazipati watu. Walidhani wanazungumzia makundi mawili ya watu. Mara nyingi walikuwa wanamzungumzia mtu mmoja.

Nani alifaidika na mpango huo? Mwenye meli anapata hasara kwa kila saa ambayo meli yake imekaa bandarini bila kupakuliwa. Alitaka langoni pawe na watu wengi kuliko wanaohitajika siku ya kawaida, ili siku meli tatu zikiingia pamoja asikose mikono. Watu hao wa akiba kampuni haikuwalipa kitu. Siku zisizo na meli walijigharimia wenyewe, au waligharimiwa na mke aliyekuwa akilima Kwale, au na jamaa mwenye chumba aliyekubali wamlalie sakafuni. Foleni ile ndefu ya alfajiri ilikuwa na bei, na bei hiyo haikulipwa na aliyeihitaji.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila kibarua alikuwa mnyonge. Hapa ndipo historia ya pwani inapotofautiana na vitabu vingi vinavyoandikwa kutoka Nairobi. Wadigo, Wagiriama, Warabai na Waswahili wengi walikuwa na mashamba, minazi, mikorosho na jamaa karibu na mji. Kwao kibarua cha siku kilikuwa aina ya uhuru. Mtu alikuja Kilindini baada ya kupanda, akafanya kazi siku kadhaa, akapata fedha ya kodi na nguo, akarudi kwake kabla ya kupalilia. Hakuwa chini ya mnyapara mwezi mzima. Alijua kuhesabu siku zake vizuri kuliko karani yeyote, na aliyemwita mvivu hakuwahi kulima shamba lake.

Kando yake, kwenye foleni ileile, alisimama mtu aliyetoka Nyanza au Ukambani au Kiambu. Huyo hakuwa na shamba la kurudia jioni. Siku isiyo na meli kwake ilikuwa siku isiyo na ugali. Serangi hakuona tofauti kati ya wawili hao, na ujira wao ulikuwa mmoja. Nawaomba mkumbuke tofauti hiyo, maana dawa iliyokuja baadaye iliwagusa kwa namna mbili kinyume kabisa.

Mombasa haikunyamaza. Mwaka 1939, katikati ya mwaka, migomo ilianza kwa wafanyakazi wa idara na kampuni mbalimbali mpaka ikafika gatini. Vita vikaja, bei za vyakula na nguo zikapanda, vyumba vikajaa. Ndipo ukaja ule mgomo mkubwa wa Januari 1947. Ulianza tarehe 13, ukadumu karibu wiki mbili, na watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Tazameni waliokuwamo: makuli, wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, madobi, wapishi na watumishi wa majumbani. Kampuni moja ikigoma, mwajiri hutafuta watu langoni. Mji mzima ukigoma, langoni hapana mtu. Hiyo ndiyo nguvu waliyoigundua. Watu wasiokuwa na kazi ya kudumu, ambao mwajiri aliwategemea wavunje mgomo, walikuwa ndani ya mgomo wenyewe.

Walikutana kila siku kwenye kiwanja cha mpira walichokiita Kiwanja cha Maskini. Kutokana na mgomo huo likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake anayejulikana zaidi. Agosti mwaka huohuo alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, na akazuiliwa kwa miaka kumi. Madai ya mishahara yalipelekwa mbele ya baraza la Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Ni Thacker huyohuyo aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Natamani kila mtoto wa shule ya msingi hapa Mombasa alijue jina la Chege Kibachia kama anavyolijua jina la barabara ya kwao. Kwa sasa hawalijui.

Baada ya migomo hiyo wakubwa walibadilisha mawazo. Tayari mwaka 1945 kamati ya Arthur Phillips, iliyochunguza ghasia za wafanyakazi Mombasa, ilikuwa imesema wazi kwamba mji hauwezi kutulia ukiwa unaendeshwa na watu wa siku moja moja. Uingereza nako, mwaka 1947, ulianza mpango wa kuwaandikisha makuli wa bandari zake na kuwapa malipo ya uhakika hata siku ambayo hapakuwa na meli. Wazo likavuka bahari. Hapa Mombasa vibarua wa gatini walianza kuandikishwa mwaka 1944. Katika miaka ya 1950 masharti yakakazwa: mwenye jina kwenye orodha alitakiwa kuonekana kazini mara za kutosha kila mwezi, la sivyo jina lake lilifutwa. Kidogo kidogo orodha ikapunguzwa, na waliobaki wakasogezwa kuelekea kazi ya mwezi.

Kwa aliyebaki ndani, ilikuwa neema. Machi 1955 makuli waligoma tena, katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, wakati hata mkutano wa watu wachache ulihitaji kibali. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuja kutoka Nairobi kuwasemea, na usuluhishi ukaleta nyongeza ya asilimia 33. Chama cha makuli kikapata nguvu, baadaye kikaongozwa na Denis Akumu, na ilipofika mwanzo wa miaka ya 1960 kuli wa Kilindini alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kazi ya mikono waliolipwa vizuri zaidi nchini. Wazee mlioko hapa mbele mliyaona hayo. Mlisomesha watoto kwa mishahara ile. Mlijenga Changamwe na Likoni kwa mishahara ile. Sitasema neno hata moja la kuidunisha kazi hiyo ya vyama.

Ila nawaomba tumtazame pia yule Mdigo wa foleni ya alfajiri. Yeye hakuweza kuonekana kazini siku zote walizotaka, kwa kuwa mpunga haungojei meli. Jina lake likafutwa. Kibarua chake kikaota nyasi, naye hakufukuzwa kwa kosa lolote. Wakati mtu wa bara aliyebaki kwenye orodha alipata mshahara wa kuleta familia mjini, mtu wa pwani alijikuta hana njia ya kuingia gatini kabisa, na watoto wake waliokua bila kibarua wala shamba la kutosha wakaanza kuulizana kwa nini bandari iko kwao na kazi haiko kwao. Manung'uniko mengi ya siasa za pwani niliyoyasikia katika maisha yangu yana mzizi hapo. Tunayazungumza kama mambo ya makabila, na ninaona tunakosea. Mzizi wake ni jinsi kazi ilivyokatwa upya katika miaka ya 1950.

Na mji ulizidi kukua. Mombasa ilikuwa na watu wapatao 85,000 mwaka 1948, na mwaka 1962 walikaribia 180,000. Orodha ya gatini ilikuwa ikipungua wakati mji unaongezeka zaidi ya mara mbili.

Reli nitaipitia kwa haraka. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililounganishwa mwaka 1948, lilikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote, na tangu mapema lilipenda watu wa kukaa. Lilitoa nyumba, zahanati, hata timu ya mpira. Ubaya wake ulikuja pale mtu alipopunguzwa. Aliyetolewa kazini alitolewa na nyumbani siku zilezile. Familia ya Muthurwa au Makongeni, mitaa ya reli kule Nairobi, ilijikuta na vitanda barabarani. Injini za dizeli zilipoanza kuvuta treni kwenye njia kuu mnamo 1960, hazikuhitaji mtu wa kuwasha moto saa nyingi kabla ya safari wala kundi la kusafisha mabomba ya mvuke. Injini za mvuke za Garratt, zile kubwa zenye majina ya milima, ziliendelea kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna siku moja ambayo watu wengi walifukuzwa pamoja. Nafasi ziliachwa tupu mzee akistaafu, na kijana aliyekuja na cheti chake aliambiwa arudi mwakani.

Nairobi ni habari nyingine. Kule, tatizo halikuwa kwamba kazi ilikuja na kuondoka kama meli. Wengi walikuwa na kazi na bado hawakuweza kuishi. Kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi, na robo ya wale wa serikali, walilipwa kiasi kisichotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja tu. Mtu mmoja, bila mke, bila mtoto. Mshahara ulipimwa kwa mwanamume aliyedhaniwa ana mke shambani anayejilisha mwenyewe na kumtunzia nyumba mpaka azeeke. Kwa hiyo shamba la mke ndilo lililomlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya gharama zake. Kamati ilipendekeza kiwango cha chini kipandishwe hatua kwa hatua hadi kitoshe familia.

Sasa msikie serikali ilichofanya kwa wale waliokataa kazi za mshahara kama huo. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya watu wanaokaa bila kazi kwa hiari yao. Kwa hiari! Polisi aliweza kumkamata kijana mtaani Nairobi au Mombasa, na ikithibitika kwamba hana kazi, akapewa kazi ambayo hakuichagua. Makhan Singh na Fred Kubai, waliokuwa wameunda muungano wa vyama vya wafanyakazi Mei mwaka huohuo, waliipinga kwa nguvu zote. Mei 1950 wote wawili wakakamatwa, Nairobi ikagoma, na Makhan Singh hakuachiwa mpaka Oktoba 1961. Nimeshangazwa sana na watu wanaosimulia historia ya uhuru wetu kana kwamba ilianzia msituni kwa Mau Mau peke yake. Ilianzia pia kwenye swali la nani ana haki ya kukataa kazi mbaya.

Kisha ikaja Operesheni Anvil, msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, Aprili 1954. Majeshi yaliizunguka Nairobi, yakachuja mtaa baada ya mtaa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Waajiri waliamka na kukuta makarani, madereva, mafundi na wauza duka wao hawapo. Nafasi zao zilichukuliwa na Wakamba, Waluo, Waluhya na wengine. Waliporudi kutoka vizuizini miaka kadhaa baadaye, walikuta kazi zina wenyewe. Huo nao ni ukosefu wa kazi, uliotengenezwa kwa bunduki na waya wa miiba, na hauingii kwenye maelezo yoyote ya uvivu.

Nisisahau wanawake. Karibu taarifa zote ninazozitaja zinahesabu wanaume. Mwanamke wa Pumwani, Nairobi, aliyepika pombe akakamatwa, akalipa faini, akapika tena, hakuandikwa popote kuwa ana kazi wala kuwa hana. Mwanamke wa Majengo hapa kwetu aliyeuza mahamri na mbaazi alfajiri kwa wale waliokuwa wakielekea langoni hakuandikwa pia, na bila yeye foleni ile isingekuwa na nguvu ya kusimama. Tukitaka kujua mji uliishije siku zisizo na meli, jibu kubwa liko kwa wanawake hao.

Ujenzi ulianguka ghafla kuliko kazi zote. Mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa mwanzoni mwa 1960 ulipoonyesha kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika, walowezi na wenye mitaji walianza kuhamisha fedha zao. Mwenye mpango wa ghorofa Nairobi aliuweka kando. Waashi, maseremala, wachanganya saruji na wabeba mawe walibaki bila kandarasi. Familia za Kizungu zilipofunga nyumba zikaondoka, wapishi, mayaya na watunza bustani waliachwa na barua ya sifa njema mkononi, na hakuna wa kumpelekea. Mwaka huohuo serikali ilimwita mtu aitwaye Dalgleish achunguze ukosefu wa kazi. Walioajiriwa kwa mshahara Kenya walikuwa kama 620,000 mwaka 1960. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, walikuwa wameshuka chini ya 540,000. Bendera yetu ilipandishwa katika nchi yenye ajira pungufu kuliko ile ya miaka mitatu kabla. Vijana, mnapoambiwa kwamba wazee wenu walipata kazi kirahisi, ikumbukeni tarakimu hiyo.

Nivuke mpaka kidogo niende Tanga, kwa kuwa kule tunaona jambo hilihili katika sura nyingine. Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na mashamba yake yalikusanya watu zaidi ya laki moja. Ofisi ya kuajiri ya SILABU, iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944, iliwaleta manamba, vibarua wa mikataba, kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji na kwingineko. Walikata majani, wakayapeleka kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, wakaanika singa, yaani nyuzi zenyewe, wakaishi kambini. Mshahara ulikuwa mdogo, na kazi ilikuwa nyingi mno hata anayeshuka kwenye treni asubuhi jioni alikuwa na panga mkononi.

Baada ya uhuru, serikali ya chama cha TANU ilitaka kuondoa aibu hiyo. Kamati ya Donald Chesworth ya mwaka 1962 ikapendekeza kima cha chini, na Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi. Ilikuwa haki, na ningekuwapo ningeipigia kura. Lakini wenye mashamba na wenye viwanda walifanya hesabu nyingine. Ikiwa mtu mmoja sasa ni ghali, basi apewe kazi ya mtu mmoja na nusu, na wengine waende. Mikataba ya manamba wa kutoka mbali ikakoma. Kisha, kuanzia 1964, bei ya mkonge duniani ikaporomoka, nyuzi za plastiki zikachukua soko la kamba za kufungia majani makavu huko Ulaya na Amerika, na mashamba yakaanza kufungwa moja baada ya jingine. Miaka michache tu baada ya uhuru kazi za mshahara Tanganyika zilikuwa zimepungua, ilhali mshahara wa aliyebaki umepanda. Ni Kilindini tena, mara hii shambani: kazi bora zaidi, na watu wachache zaidi ndani yake.

Manamba waliokatiwa kazi walikwenda wapi? Wengi hawakuwa na nauli wala shamba la kurudia. Wengine walilowea vijiji vya jirani, wengine waliingia Tanga mjini, na wengine Dar es Salaam. Dar ilikuwa na watu 69,000 hivi mwaka 1948, karibu 129,000 mwaka 1957, na 273,000 hivi mwaka 1967. Mkoloni alikuwa ameacha sheria ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa. Serikali ya uhuru, iliyokuwa na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, haikuifuta tabia hiyo. Misako iliendelea, malori yalijazwa, watu walirudishwa vijijini, na baada ya wiki walikuwa wamerudi mtaani Magomeni. Namheshimu sana Mwalimu Nyerere, na nadhani alikuwa na nia safi alipotaka kila mtu awe na jembe. Hata hivyo, lori halikumuuliza mtu aliyepandishwa kama ana ardhi huko anakopelekwa.

Kenya ilijaribu njia nyingine, na hii nataka muijue vizuri kwa sababu wanasiasa huirudia kila baada ya miaka michache wakidhani ni mpya. Februari 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa pande tatu. Waajiri binafsi wataongeza wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vitasimamisha migomo na madai ya mishahara kwa mwaka mmoja. Ofisi zikafunguliwa kuandikisha wasio na kazi. Walijitokeza zaidi ya 200,000. Wengine waliacha vibarua vya mashambani, wakapanda basi kuja kujiandikisha, kwa maana waliona afadhali nafasi ya kubahatisha mjini kuliko uhakika wa ujira mdogo kijijini. Nafasi zilizopatikana hazikufika hata robo ya walioandikishwa. Mwaka ulipokwisha waajiri wengi walirudi kwenye hesabu zao za zamani. Mkataba ukarudiwa 1970. Wakajiandikisha karibu 290,000.

Wachumi wawili wa Kimarekani waliokuwa wamefanya kazi Nairobi, John Harris na Michael Todaro, walichapisha mwaka 1970 maelezo ya jambo hilo ambayo yanafundishwa mpaka leo vyuo vikuu duniani kote. Walisema kwamba ukiongeza kazi nzuri mjini bila kugusa kipato cha kijijini, unaweza kuongeza idadi ya wasio na kazi, kwa sababu kila nafasi moja inavuta watu kadhaa. Ulimwengu umejifunza somo hilo kutokana na foleni zetu wenyewe. Ninalolipinga katika maelezo yao ni kwamba mtu anayengoja mjini anaonekana kama hafanyi chochote.

Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, uliliona hilo. Uliandika kwamba shida kubwa ya nchi hii ilikuwa watu wanaofanya kazi kwa bidii na kubaki maskini. Wafua mabati, mafundi viatu, wachuuzi, waosha chupa, wale ambao polisi wa jiji walivunja vibanda vyao kila wiki, ujumbe ulisema wana uchumi wao, na kwamba serikali ingefanya vyema kuacha kuwasumbua. Ilichukua miaka mingi kabla serikali haijakubali kuwaita jua kali na kuwapa mahali. Mnajua wenyewe kwamba mpaka leo vibanda bado vinavunjwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtu akisimama hapa kesho na kuahidi nafasi za kazi, muulizeni maswali ambayo mwaka 1964 hayakuulizwa. Ni kazi ya siku au ya mwezi? Siku ambazo hakuna kazi, nani anazilipia? Orodha itafungwa wapi, na jina la nani litafutwa ili jina la mwingine liandikwe? Na yule atakayebaki nje, mnakusudia kumpelekea polisi au mtamwachia meza yake ya biashara?

Nina ombi moja kabla ya maswali. Historia hii kwa sehemu kubwa imeandikwa kutokana na makaratasi ya maofisa. Majumbani mwenu kuna vyeti vya gatini vya miaka ya 1950, vipande vya kazi, vitabu vya malipo, barua za kufutwa kazi, picha za mikutano. Wazee wakifariki, vitu hivyo hutupwa siku ya kusafisha chumba. Msivitupe. Leteni mpigiwe nakala, mrudishiwe vyenu. Na kama kuna mzee hapa aliyefutwa kwenye orodha ya vibarua wakati ule, au mtoto wa mtu aliyefutwa, ningependa aanze yeye kuzungumza. Kipaza sauti kiko hapa.